Sura ya Saba: Picha Isiyo na Mwenyewe

Figo haikuwa imeibwa. Ilikuwa mezani mbele yao, ndani ya mtungi wa plastiki uliojaa dawa ya kuhifadhia, nzima isipokuwa pale daktari wa maabara alipoipasua katikati kama mtu anayepasua parachichi kutazama kama limeoza. Upande wa chini palikuwa na kishimo laini, mahali palipokuwa na kifuko kidogo cha maji. Zaidi ya hapo ilikuwa figo safi.

"Kwa hivyo mzee Kosgei amenidanganya," alisema Inspekta Hafiz Yaseen.

"Hajakudanganya. Amekosea," alijibu Daktari Waithaka. "Alikwambia mkewe ametolewa figo isiyo na ugonjwa. Hilo ni kweli tupu. Alipokosea ni kusema imeuzwa."

Kwa wiki nzima mji mzima wa Bahati haukuwa na habari nyingine. Chepkurui, mke wa Kosgei, aliingia hospitali ya binafsi mjini Nakuru kwa maumivu ya mgongo, akaamka kitandani akiwa na figo moja. Watu waliapa kwamba waliona gari lenye vioo vyeusi likitoka lango la nyuma alfajiri ile. Hafiz alilifuatilia gari hilo mpaka akalipata. Lilikuwa gari la mikate.

Konstebo Jepleting, aliyekuwa akisaidiana naye katika kesi hiyo, aliusogeza mtungi kando kwa ncha ya kalamu. "Sasa daktari, kama haikuwa na ugonjwa, walikata ya nini?"

Waithaka alikuwa daktari bingwa wa picha. Hospitali ilimwita kutoka hospitali nyingine azipitie picha za Chepkurui upya, baada ya aliyemfanyia upasuaji kusimamishwa kazi na kukimbilia kwa wakili. Aligeuza skrini mbili ziwaelekee.

"Hii ya kwanza ni altrasaundi. Alipigwa asubuhi ile aliyolazwa. Mnaona hilo duara kwenye figo ya kushoto? Jeusi tititi, ukuta wake mwembamba, kama tone la wino. Hayo ni maji. Watu wengi wa makamo wanatembea hapa mjini na vifuko kama hicho na hawana habari. Hakiui mtu. Unakiacha."

"Na hii nyingine?"

"Hii ni ya CT. Ile mashine inayokukata vipande vipande kwa miale, kama mkate, bila kukugusa. Ilipigwa Februari, kwenye kituo cha picha huko chini mjini. Kwenye kompyuta iko chini ya jina hilo hilo na nambari hiyo hiyo ya kadi ya bima. Chepkurui Kosgei."

Katika picha ya pili hapakuwa na duara jeusi. Palikuwa na donge la kijivu, limekalia figo ya kushoto kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

"Hapa hajadungwa dawa ya rangi. Hapa ameshadungwa. Angalieni donge linavyong'aa. Maji hayanywi dawa, Inspekta. Kinachokunywa dawa kina mishipa ya damu. Ni nyama hai hiyo."

"Saratani."

"Karibu hakika. Ukubwa wa ndimu. Na Februari ilikuwa bado haijatoka nje ya figo."

Hafiz alivuta kiti karibu. Hakuwa daktari, lakini miaka mingi ya kusikiliza mashahidi ilimfunza kutafuta mahali ambapo maneno mawili ya mtu mmoja hayakutani.

"Mpasuaji aliziona zote mbili?"

"Ndiyo. Aliona kitu upande wa kushoto asubuhi, akafungua kompyuta, akakuta donge upande wa kushoto tangu Februari. Akasema ni kitu kimoja. Hakuagiza CT nyingine kwa sababu ipo. Akamwambia mama, picha imeonyesha uvimbe. Mama akafikiri anasema ile ya asubuhi. Akatia kidole kwenye fomu ya kukubali upasuaji."

"Kifuko cha maji kiko chini ya figo."

"Chini kabisa."

"Donge liko juu."

"Endelea," alisema Waithaka.

"Kifuko kingeonekana pia kwenye picha ya Februari?"

"Kingeonekana. Hakipo. Na usiniulize kama kiliota baadaye. Vifuko hukua polepole, miaka na miaka."

"Na donge la ukubwa wa ndimu haliwezi kuyeyuka."

"Haliyeyuki."

Jepleting alikuwa amekwisha kufika huko. "Ni watu wawili," alisema.

"Teremsha picha," Hafiz alimwambia daktari. "Nionyeshe mwili wote."

Waithaka alizungusha kidole kwenye kipanya. Mwili wa mtu asiyejulikana ulipita kipande kwa kipande: utumbo, uti wa mgongo, mifupa ya nyonga. Hapo ghafla mwanga mweupe ukapasuka kwenye skrini kama jua kwenye bati jipya.

"Chuma," alisema Hafiz.

"Skrubu. Alivunjika nyonga, akaungwa."

"Nyonga ya kulia," alisema Jepleting.

"Ya kushoto, madam. Mgonjwa amelala amekuelekea. Kulia kwako ni kushoto kwake. Jana nilimpiga Chepkurui eksirei ya nyonga zote mbili. Hana chuma. Hajawahi kuvunjika hata kidole." Waithaka alizima skrini ya altrasaundi, akaiacha ile nyingine. "Kwa hivyo kuna mwanamke mahali fulani anachechemea, ana hii kitu ndani, na hajui. Sasa ni Oktoba. Figo yake hiyo ikitolewa upesi anaweza kuzeeka akilea wajukuu. Ikiachwa itaingia kwenye mshipa mkubwa wa damu, kutoka hapo iende mapafuni. Wakati huo utaniletea picha nyingine, nami sitakuwa na la kukwambia."

"Nitampata."

"Sina shaka. Nyinyi mkitaka mtu huwa mnampata."

Kwenye ujia, Hafiz aliandika ujumbe katika kundi la simu la wakuu wa vituo na machifu, kuanzia Molo mpaka Gilgil: *Anatafutwa mwanamke wa makamo anayechechemea mguu wa kushoto, aliyetumia kadi ya bima ya Chepkurui Kosgei mwezi wa Februari. Mwenye habari awasiliane na Ofisi ya Upelelezi, Nakuru.* Aliusoma mara ya pili, akaona unajitosheleza, akautuma.

Kosgei alikuwa ameketi kwenye benchi, kofia magotini. Alisimama alipowaona.

"Wameuza kwa nani, afande?"

"Haijauzwa, mzee. Nimeiona kwa macho yangu. Keti." Hafiz aliketi kando yake. "Ile kadi ya bima ni ya kazi yako?"

"Ya shamba ya maua. Inabeba mimi na bibi."

"Na simu iliyoandikishwa nayo?"

"Ni hii yangu."

"Februari kuna mtu alikupigia kutoka kituo cha picha?"

Kosgei alifikiri, halafu uso ukamfunguka, akacheka kwa mara ya kwanza tangu wamjue. "Ai, hao! Hao wezi ya simu! Msichana na sauti tamu sana. 'Naongea na bwana ya Chepkurui? Mwambie akuje haraka, picha yake si mzuri.' Nikamwambia, dada, bibi yangu ako hapa mbele yangu anakamua ng'ombe, hajapigwa picha hata ya harusi. Nikamuuliza, hiyo jela mnapigia watu simu kutoka ndani, hamlishwi? Nikakata." Alimtazama Jepleting apate wa kucheka naye. "Hapo tunapopeleka maziwa nilihadithia watu wote. Waliniambia, Kosgei, wewe huwezi ibiwa."

"Walipiga tena?"

"Walisumbua sana. Nikafungia hiyo namba."

Jepleting hakucheka. Hafiz naye alitazama sakafu. Kicheko cha mzee kilipungua kidogo kidogo, kama jiko linaloishiwa na gesi.

"Afande," alisema. "Kwani haikuwa wezi?"

Hafiz alimgusa bega, akaingia wodini.

Chepkurui alikuwa amelala ubavu, ameelekea ukuta. Jepleting alimwamkua kwa Kikalenjin, akamwita kwa jina la kifungua mimba wake kama inavyopasa, akaketi kitandani karibu na miguu yake. Waliongea juu ya mvua na ng'ombe aliyekaribia kuzaa. Halafu Jepleting alirudi kwenye Kiswahili ili mkubwa wake asikie.

"Mama, ile kadi ulipatia nani?"

"Sikupatia mtu."

"Kwa hivyo iliibiwa."

"Haikuibiwa."

"Ilitembea yenyewe mpaka Nakuru?"

"Labda ilipata lifti," alisema Chepkurui kwa ukuta.

Hafiz alisogea. Alimweleza yote bila kupamba: donge, skrubu, mwanamke ambaye muda unamwishia. Chepkurui alisikiliza bila kugeuka.

"Hiyo kadi haina picha," alisema mwishowe. "Iko na jina na namba peke yake. Mkishajua ni nani mtamshika. Halafu Kosgei atafutwa kazi. Figo imeshaenda, afande. Si mniachie hata rafiki?"

Siku hiyo hakusema zaidi.

Asubuhi iliyofuata Daktari Waithaka alifanya jambo ambalo hakuombwa. Alichukua kompyuta ndogo, akaenda nayo wodini, akaiweka kwenye mto. Hafiz na Jepleting walimkuta bado yuko hapo, na Chepkurui amejiinua kwa kiwiko anatazama lile donge la kijivu.

"Hii ndiyo walikuwa wanatafuta kwangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na hawakuipata, kwa sababu iko kwake."

"Ndiyo."

Chepkurui aliitazama tena skrini. Mkono ulikuwa umebana bandeji ubavuni. "Mimi nimekatwa badala yake," alisema. "Sasa yeye, nani mwingine atakatwa badala yake?"

Waithaka alifunga kompyuta.

"Anaitwa Jebet," alisema Chepkurui. "Tulikua pamoja Sachangwan. Alianguka kutoka kwa pikapu ya viazi, ndiyo mguu ikakuwa hivyo. Nilipozaa Kibii wangu ni yeye alinifulia mwezi mzima. Sasa nimnyime kadi? Alikuja akaniambia anakojoa damu, anaogopa. Hakuambia mtu mwingine, hata bwana yake hakujua mpaka akamwacha akaenda zake. Pale kwa picha waliita 'Chepkurui', yeye ametulia tu, mpaka mama wa kando akamsukuma, si wanaita wewe?" Alitabasamu, kisha tabasamu likapotea. "Walimwambia watapiga simu. Tukangoja. Simu haikulia. Tukasema asante Mungu, kama ni mbaya wangepiga."

"Yuko wapi sasa?"

"Kikopey. Anapika ugali kwa butcheri ya mtu anaitwa Levis. Na afande," alimshika Hafiz mkono wa shati, "usimwambie ni mimi nimesema. Mwambie umejua kwa njia yako."

"Nitamwambia hivyo," alisema Hafiz.

Moshi wa nyama choma ulikuwa umetanda barabarani Kikopey, na vijana wenye makoti meupe walirukia gari lao kabla halijasimama.

"Karibu bosi! Mbuzi ama ng'ombe? Madam, mbavu iko laini kama keki!"

"Namtafuta Levis."

Levis alikuwa mtu mnene mwenye kisu, nyuma ya kioo chenye mapaja ya mbuzi yaliyoning'inia. Alikata, akapima, akatabasamu.

"Jebet yuko?" aliuliza Hafiz.

Kisu kilisimama. "Jebet gani?"

"Wa ugali. Anayechechemea."

"Nyinyi ni karao, ni polisi." Hakuwa anauliza. Alifuta mikono, akatoa simu yake mfukoni, akaifungua, akaiweka juu ya kaunta yenye mafuta. "Hii si ni nyinyi mliandika?"

Hafiz alisoma maneno yake mwenyewe. Yalikuwa yametoka kundi la machifu, yakaingia kundi la wenye butcheri, na njiani mkono usiojulikana ulikuwa umeongeza mstari chini: *Ni genge la wezi wa bima. Zawadi nono kwa atakayemshika.*

"Huu wa mwisho si wangu," alisema.

"Na wa juu?"

"Ni wangu."

"Ilifika hapa jana saa ya lunchi. Nyumba imejaa. Kila mtu akasoma, kila mtu akainua macho akamwangalia mguu. Hata wale wateja hawamjui. Yeye akasoma kwa simu ya mhudumu. Aliweka mwiko chini, akapitia mlango wa nyuma. Ugali iliungua mpaka sufuria ikatoboka."

"Alienda upande gani?"

"Malori yanaenda pande zote, bosi."

"Tulikuwa tunamtafuta tumsaidie," alisema Jepleting.

"Kwa Kiswahili gani, dada?" Levis alimgeukia. "Imeandikwa anatafutwa. Chini ni polisi. Mtu akitafutwa na polisi anafanya nini? Anapika chai akiwangoja?"

Hafiz alilitazama neno hilo kama mtu aliyeletewa fimbo na kuambiwa ni yake. Angeweza kuandika mgonjwa. Angeweza kuandika kwamba daktari ana habari zake. Miaka yote hiyo kazini, mkono ulikuwa umezoea kuanza sentensi kwa neno moja.

"Levis," alisema. "Mwanamke huyu ana saratani ya figo. Hana habari. Kesi ya kadi nimeifunga mimi mwenyewe. Ukiwa na njia ya kumfikia, nifikishe."

Levis alimtazama usoni, kisha akamtazama Jepleting, kisha barabara. "Asubuhi alipiga na namba ngeni. Alitaka nimpee mtu wa lori leso yake na kitambulisho." Aliitafuta namba, akabonyeza, akampa Hafiz simu.

Ililia mara chache.

"Levis, wameenda?" Sauti ilikuwa ya chini. Nyuma yake kuku walilia na upepo ulivuma.

"Jebet, naitwa Hafiz. Tafadhali usikate."

Kuku tu.

"Afande, nisamehe," ilisema sauti. "Chepkurui hana makosa. Kadi niliichukua mwenyewe kwa meza, yeye akiwa nje."

"Sina haja na kadi. Hakuna kesi. Wewe ni mgonjwa, Jebet. Ile picha ya Februari ilionyesha uvimbe kwenye figo. Walipiga simu, ikapokewa na mtu asiyejua. Daktari anakungoja. Nitakuja kukuchukua mwenyewe, bila sare, bila pingu."

"Nishapona mimi."

"Hujapona."

"Ndugu yangu mlimwambia hivyo hivyo."

"Ndugu yako nani?"

"Micah. Mlimpigia mkamwambia simu yake ilipotea imepatikana, akuje kituoni achukue. Akaoga. Akavaa shati safi. Alikuja kwenu na furaha." Alipumua. "Mpaka leo ako ndani."

Hafiz hakumjua Micah, lakini mbinu hiyo aliijua. Kila mtu kazini aliijua. Alimpa Jepleting simu.

Jepleting alimwita kwa heshima, akaongea Kikalenjin taratibu, kwa muda mrefu, mkono kifuani kana kwamba Jebet angeweza kumwona. Kisha alisikiliza. Uso wake ulibadilika.

"Anasema nini?"

"Anasema mimi ni mbaya kuliko wewe," alisema Jepleting. "Anasema wewe unatega watu kwa Kiswahili, mimi namtega kwa maziwa ya mama yake."

Hafiz aliichukua simu tena. Alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu ambacho tapeli hawezi kukijua, na polisi mwongo hawezi kukibuni. Alikitumia.

"Jebet, nisikilize. Unakojoa damu. Inakuja, inapotea, unadhani umepona, halafu inarudi. Je, nadanganya?"

Alipoinua macho, Levis alikuwa amesimama na kisu mkononi hakati, anangoja pamoja naye.

"Hiyo nani amekwambia?" Sauti ilikuwa imebadilika. Haikuwa na hofu tena.

"Picha ya—"

"Picha haionyeshi choo. Hiyo niliambia mtu mmoja peke yake hapa duniani."

"Jebet—"

"Chepkurui amenitaja."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayerudia habari ya msiba ili aisikie vizuri.

"Amekutaja ili upone! Yeye mwenyewe wamemkata kwa ajili ya—"

Simu ilikatika. Hafiz alipiga tena. Alipiga kwa simu ya Levis, akapiga kwa ya Jepleting, akapiga kwa yake. Sauti ile ile ya mwanamke asiye na haraka ikamjibu kila mara kwamba mteja wa nambari hiyo hapatikani kwa sasa.

"Namba ni ya nani?" alimuuliza Levis.

"Ya kuazima, bosi. Labda ya dereva. Labda ashashuka."

"Tutafuatilia mnara wa simu," alisema Jepleting.

"Tutafuata mpaka wapi? Tukimfikia na Landrover atafanya nini?" Hafiz aliuliza, na wote watatu walijua jibu. Angekimbia, na mguu ule, ndani ya mashamba ya watu.

Simu yake ikalia mkononi. Aliipokea kabla hajatazama jina.

"Inspekta," alisema Daktari Waithaka. Nyuma yake palisikika kelele za wodi. "Umempata?"

Hafiz aliigeukia barabara. Lori la ng'ombe lilipita likielekea Nakuru, na nyuma yake trela tupu ikielekea Naivasha.

"Nimeongea naye."

"Mungu ni mwema! Nimezungumza na bingwa mmoja wa figo, mtu hodari, atampasua kesho mchana bila kuuliza kadi. Sasa sikiliza, hii ni muhimu, wagonjwa huwa wanasahau. Mwambie ale chakula chepesi jioni hii. Kuanzia usiku asiguse kitu, hata chai. Umesikia? Hata chai."

"Nimesikia."

"Utamwambia?"

Simu ya Levis ilikuwa bado katika mkono wake wa pili, inaendelea yenyewe kuipiga ile namba isiyopatikana.

"Nitamwambia, daktari," alisema Hafiz.